Jumamosi iliyopita pakavu, Jumamosi hii maji kifuani

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mtaalamu shikamoo. Mimi na mke wangu tumehamia kisiwani, huu mwezi wa tatu, kazi ndo imetuleta, sote tumekulia bara na hata kuogelea tunabahatisha. Tukajiwekea kwamba kila wikendi lazima tutoke tukijue kisiwa chetu kipya. Jumamosi moja saa nne asubuhi tulitembea mpaka kwenye fungu la mchanga huko katikati ya maji, pakavu kabisa, tukapiga picha tukarudi. Jumamosi iliyofuata tukawahi, saa kumi na mbili na nusu tushaanza ili tukwepe jua, maji yako magotini tukasema yatatoka tu, tukafika tukasimama tukisubiri fungu litokeze. Halikutokeza. Wakati wa kurudi maji yalimfika mke wangu kifuani, na bila mvuvi mmoja kutupakia kwenye mtumbwi wake sijui ingekuwaje. Toka siku hiyo yeye hataki kusikia bahari, anataka vilima na msitu, na mi nimeshanunua kayaki ya kupuliza. Tulikosea wapi, na tufanyeje?"

Marahaba ndugu yangu, na shemeji msalimie sana, mwambie ana haki ya kununa. Poleni. Na huyo mvuvi kama hamjamrudia, mrudieni, ntakwambia mbele kwa nini.

Hapo uliposema "tukasimama tukisubiri fungu litokeze" nimecheka kidogo, nisamehe, manake mi mwenyewe nimewahi kusimama hivyo hivyo na kikapu mkononi kama mtu anayesubiri basi. Nimetembeza wageni visiwani miaka mingi sasa na hili kosa lenu ndo kosa namba moja la watu waliokulia bara, wala si ujinga, ni kwamba mtu wa bara amezoea mahali kuwa mahali. Kilima ulichokiona jana kesho kipo. Fungu la mchanga halipo namna hiyo, lenyewe lina saa zake.

Hesabu ni hii. Maji yakijaa leo, yatajaa tena baada ya kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi kuliko jana yake, kwa sababu yanafuata mwezi na mwezi nao kila siku unachelewa hivyo hivyo. Sasa chukua hizo dakika 50 zidisha mara siku saba. Unapata karibu saa sita. Na saa sita ndo umbali wa kutoka maji kupwa mpaka maji kujaa! Yaani kama Jumamosi hii saa nne asubuhi maji yamekupwa kabisa, Jumamosi ijayo saa nne hiyo hiyo yatakuwa yamejaa au yanamalizia kujaa. Nyie mlipowahi saa kumi na mbili na nusu mkidhani mnawahi maji yanayotoka, kumbe yalishapwa kama saa tisa na nusu usiku mmelala, na mlipoingia yalikuwa nusu njia yanapanda. Mngekaa nyumbani wiki hiyo mkarudi wiki inayofuata, yaani baada ya wiki mbili, mngekuta fungu lenu limetoka tena karibu muda ule ule, labda limetangulia kama nusu saa. Watu wanaotoka wikendi tu ndo inawapiga zaidi, manake anayeishi ufukweni anaona yanavyosogea kidogo kidogo kila siku, ila nyie mnaruka siku saba mnakutana na bahari iliyogeuka kichwa chini.

Na kuna la pili juu ya hilo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ongeza siku moja au mbili, tunapata bamvu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayajai sana na hayatoki sana. Wiki yenu ya kwanza bila shaka ilikuwa bamvu ndo mana fungu lote lilikuwa nje kavu, na ya pili ilikuwa maji mafu, ambayo hata mngesubiri mpaka jioni yakatoka yote ya siku ile, inawezekana fungu lisingetokeza hata kidogo. Kitu ambacho wengi hawakijui, mahali pamoja bamvu huwa linakupwa saa zile zile mwaka mzima. Kama kwenu mwezi mpevu unakupwa saa nne asubuhi, basi mwezi mpevu wa miezi sita mbele nao utakupwa kwenye saa nne hapo, ipande ishuke kidogo. Wazee wa pwani hawana jedwali wala simu, wanaangalia mwezi usiku wanakwambia kesho twende saa fulani, na sio uchawi.

Sasa usichukue hii ukaipeleka popote ukadhani umemaliza. Ghuba ya Fundy kule Kanada tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 15, wakati sehemu kubwa ya Mediterania haifiki hata goti. Kuna pwani maji yanajaa mara moja tu kwa siku. Tahiti, kisiwa cha kule Pasifiki, ndo kituko, pale nguvu ya mwezi karibu haisikiki, maji yanafuata jua, kwa hiyo yanajaa kwenye saa sita mchana na saa sita usiku kila siku na tofauti yenyewe ni ndogo. Kwa hiyo tafuta jedwali la maji la bandari iliyo karibu na nyinyi, liwe la karatasi au kwenye apu, na ulilinganishe na macho yako kwa wiki mbili kabla hujaliamini, kwa sababu ghuba yenu inaweza kuchelewa nusu saa au zaidi nyuma ya bandari. Na angalia saa imeandikwaje, nimeona mtu kasoma 10:12 akaenda saa kumi jioni, na mwingine jedwali lake lilikuwa limewekwa saa za Greenwich, akakosea saa tatu nzima.

Ila hata bila jedwali, ufike ufukweni useme maji yanatoka au yanaingia, hiyo shemeji na wewe mjifunze kabla ya kitu kingine chochote. Mi nafanya hivi. Naangalia jiwe au nguzo iliyosimama ndani ya maji. Kama juu ya maji kuna mkanda mweusi uliolowa, unang'aa, ujue maji yalikuwa pale juu sasa hivi na yameshuka. Kama jiwe ni kavu mpaka pale maji yanapoligusa, tena vumbi la chumvi liko juu juu tu, ujue yanapanda. Usidanganywe na mawimbi yanayorushia, angalia siku bahari imetulia au angalia upande wa jiwe usiopigwa. Halafu nachomeka kijiti kwenye mchanga pale ambapo wimbi refu kuliko yote limeishia, nakaa nafunga viatu, napanga begi, dakika kumi hivi, nageuka kukitazama. Kijiti kikiwa kinaogeshwa na kila wimbi basi hakuna safari ya fungu siku hiyo, hakuna "tuwahi haraka haraka". Haraka haraka ndo inaua.

Manake maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu ya kumi na mbili, ni ya kukadiria lakini inasaidia: gawa kimo chote cha kujaa sehemu 12, saa ya kwanza inaingia sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Tuseme kwenu tofauti ni mita 3. Saa ya kwanza yanapanda sentimita 25 tu, mtu anasema mbona pole pole tuna muda. Saa ya tatu peke yake yanapanda sentimita 75, na ya nne 75 nyingine. Ukikaa kwenye fungu unaona maji mbali kule mbele yako yanatambaa, ila hayakufuati kwa mbele, yanakuzunguka nyuma, yanajaza kwanza ule mfereji mliouvuka mkija, ambao mlipokuja mliona ni kidimbwi cha vifundoni. Ndo mana ulipogeuka ukakuta kurudi ni kina kirefu kuliko pale mliposimama. Hata wenyeji wa muda mrefu wanaliwa na hilo. Kule Lindisfarne, kisiwa kilichoko pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, barabara ya kuingilia inafunikwa na maji mara mbili kwa siku, ratiba imebandikwa wazi, na bado madereva wanakwama mpaka pamejengwa kibanda juu ya nguzo cha kukimbilia.

Kwa hiyo utaratibu wangu wa kwenda kwenye mafungu ni huu, mtoke nyuma ya maji yakitoka, mtembee yanavyowafungulia njia, na ile dakika jedwali linaposema yamekupwa kabisa nyie muwe mmeshageuza zamani, mnarudi. Sio muwe ndo mnafika. Nikienda na wageni nageuza nusu saa kabla. Wanalalamika kila siku. Na zile safari za kuzunguka rasi kwa chini ya majabali kwa miguu mzichukulie hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa fungu likijaa mtu anaweza kuelea akaokotwa ila jabali linakubana na mawimbi yanakusaga, kwa hiyo kama hujui njia ya kupandia juu iko wapi usizunguke rasi.

Haya, kayaki. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko kote, manake hofu yangu kwenu haiko kwenye fungu tena, hilo mmeshajifunza kwa maumivu. Hofu yangu ni kwamba utatafuta mahali pametulia ili umshawishi mwenzio. Utazunguka kisiwa utakuta upande mmoja bahari inachafuka, upepo unakuja moja kwa moja, mawimbi meupe, ndo upande wa joshini huo. Utaenda upande wa pili, demani, kisiwa kimekinga upepo, maji kama kioo. Utasema hapa ndo penyewe. Na kwa mtu anayeoga magotini ni kweli hapo ndo penyewe, ila kwa kayaki ya kupuliza hapo ndo mtego wenyewe! Fikiria upepo unatoka wapi, unapita juu ya kisiwa, unashuka, unaelekea baharini. Karibu na ufukwe vilima na miti vimekukinga, mita mia, mia mbili, unapiga kasia unaona raha. Ukitoka kwenye kile kivuli cha upepo unakupokea, na unakusukuma kwenda nje, na kayaki ya kupuliza imekaa juu ya maji kama puto, haina uzito, haina mkuku wa maana, ule uti wa chini unaoshika maji. Mtu asiyezoea akipiga kasia anaenda kama kilomita 4 kwa saa. Upepo wa kawaida tu, ule wa kupeperusha kanga kwenye kamba, unazidi 20. Ukichoka dakika tano ukaacha kupiga, umeshapoteza ulichopata nusu saa. Na ukiwa ufukweni unaangalia huko nje huoni wimbi, kwa sababu mawimbi yanakupa mgongo, unaona maji yamekunjamana kidogo tu na rangi imekoza. Huo mstari wa rangi kukoza ndo mpaka wako. Usiuvuke.

Mi hunipati na kayaki kwenye upepo unaotoka nchi kavu, hata kama ni mdogo, isipokuwa kwenye hori, yaani kijighuba kilichofungwa pande zote. Natafuta siku ambayo upepo unanirudisha, naanza kwa kupiga kasia kuukabili nikiwa na nguvu, narudi unanisukuma. Kwa visiwa vingi vya joto asubuhi mapema kumetulia au kuna kaupepo kadogo kutoka nchi kavu, jua likipanda nchi inapata moto, hewa inapanda, na kwenye saa nne saa tano hivi upepo wa bahari unaingia kuja kwenu. Ila pale ambapo pana upepo wa msimu wenye nguvu huo unashinda huu wa kila siku, kwa hiyo usikariri, angalia majani ya minazi na bendera kwanza. Laifujaketi inavaliwa, haifungwi nyuma ya kayaki. Kasia lifungwe kamba. Filimbi shingoni. Simu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na uwe mwilini mwako na sio ndani ya kayaki, ukipinduka simu ikabaki na kayaki haina faida. Mkisukumwa nje msiiache kayaki mkaogelee, hata kama ufukwe mnauona, kaeni nayo, kitu cha njano kinaonekana, kichwa cha mtu hakionekani.

Na kama kwenu kuna mwamba unaozunguka kisiwa, kuna mahali umekatika, mlango, ambapo mashua zinapita. Maji yote yaliyojazana ndani ya mwamba yakitoka yanapitia hapo. Wakati wa bamvu ni mto. Kaeni mbali nao maji yakiwa yanatoka, mimi nasema nusu kilomita, najua wengine wataniona muoga.

Kuoga kwenye ufukwe wenye mawimbi lipo jambo kama hilo kwa udogo wake. Utaona mawimbi yanavunjika huku na huku na katikati kuna kijia kimetulia, hakuna povu, unasema tuingilie hapo. Hapo ndo maji yanaporudi baharini. Ukikamatwa usishindane nayo kuja ufukweni, ogelea kando sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye huo mkondo ndo urudi, na kama huwezi kuogelea vizuri elea tu, unyooshe mkono, mkondo wenyewe hauzamishi mtu, kinachozamisha ni kuchoka.

Sasa nirudi kwa shemeji, kwa sababu naona umemwandika kama tatizo la pili na mimi naona ndo mwenye akili kati yenu. Anataka vilima. Mpeleke vilima. Kisiwa ukikiona kutoka juu siku yenye jua, maji yakiwa yamekupwa, unaona mafungu yote, mifereji, mlango wa mwamba, kila kitu kwa rangi, kilichokauka kahawia, kifupi kijani hafifu, kirefu buluu. Piga picha. Hiyo ndo ramani yenu, ni nzuri kuliko ya simu, na yeye ndo atakuwa anakwambia "hapa nyuma pana mfereji, kumbuka".

Ila vilima vya visiwa navyo vina yake. Upande wa joshini mawingu yanabanwa na mlima yanamwaga mvua, upande wa pili unabaki mkavu, na tofauti inaweza kuwa ya kutisha. Kwenye kisiwa cha Kauai huko Hawaii, kilele cha Waialeale kinapata zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka, na pwani ya magharibi ya kisiwa hicho hicho, sio mbali na hapo, inapata kama 500. Kwa hiyo unaweza kuegesha kwenye jua kali ukapanda ukakuta tope na ukungu, mawe yana utelezi, huoni njia. Vijito vya kisiwani ni vifupi na vina mteremko mkali, mvua ikinyesha juu huko ambako huioni inakufikia chini kwa dakika chache. Mkiwa mnaoga kwenye kijito, maji yakaanza kubadilika rangi kuwa ya chai, yakaanza kuleta majani na vijiti ambavyo havikuwepo, tokeni hapo hapo, upande ule ule ambao njia ya kurudi ipo, msiulizane.

Na muda. Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, aliandika hesabu ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Hiyo ni kwa mtu mwenye mazoezi na kwenye njia nzuri. Kwa nyinyi, msituni, na jua, zidisheni mara mbili. Mi niliwahi kumpeleka mwenzangu, wakati huo tuna mwaka mmoja tu wa ndoa, kwenye kilele kimoja nikamwambia ni dakika ishirini tu juu. Nilishawahi kufika, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa peke yangu. Ilichukua saa moja na robo, tukakaa juu kuangalia jua linazama kwa sababu ndo nilichomuahidi, na mtu wa karibu na ikweta anatakiwa ajue kwamba huku jua likishazama kiza hakibembelezi, dakika ishirini na kitu basi. Tochi ilikuwa moja. Tulishuka yeye kashika begi langu kwa nyuma kama kipofu anaongozwa, na hakusema neno mpaka tulipofika kwenye gari, ndo akasema neno moja ambalo siliandiki hapa.

Toka siku ile tuna sheria moja na nawapa bure. Yeyote kati yetu akisema "tugeuze", tunageuza. Hakuna kuuliza kwa nini, hakuna "kidogo tu pale mbele", na nyumbani hakuna kulaumiana. Mwanzo nilidhani tutageuza kila safari. Kilichotokea ni kinyume, alipojua kwamba neno lake linafanya kazi akaacha kulitumia, akawa anaenda mbali kuliko mimi. Shemeji hapo alipo hana hofu ya maji peke yake, ana hofu kwamba akisema maji yanapanda hatasikilizwa. Kumbuka vizuri siku ile ya fungu, hakusema? Mi nina uhakika alisema mapema kuliko wewe.

Akishatulia umrudishe kwa maji madogo. Bamvu likikupwa yale mabwawa yanayobaki kwenye mawe, maji ya magotini hayana mkondo, vaeni miwani ya maji mlaze uso tu, muone. Kaa, kiti cha pweza, visamaki. Msikanyage matumbawe, lile lililojazana kama jiwe linakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukivunja kipande cha ukubwa wa kichwa umevunja miaka. Viatu vigumu vya soli, sio ndala, na kwenye mchanga wenye maji tembea kwa kuburuta miguu ili yule samaki bapa aitwaye taa, aliyejifukia, asikie akimbie, ukimkanyaga anakuchoma kwa mkia. Ukichomwa na taa au wale samaki wenye miiba ya sumu, dawa ya kwanza ni maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, sio chini ya nusu saa, moto unaivunja nguvu sumu ile. Mtu asiyechomwa ndo apime joto la maji kwa mkono wake, aliyechomwa hasikii vizuri atajiunguza. Halafu hospitali, mwiba unaweza kuwa umebaki ndani.

Kwa ratiba sasa, kwa vile mnatoka wikendi tu. Wikendi ya bamvu, kama kwenu linakupwa asubuhi, nendeni mafungu na mabwawa. Wikendi ya maji mafu, mikondo imelegea, ndo ya kayaki, kama upepo unaruhusu. Upepo ukiwa mkali wiki nzima, vilima upande wa demani. Na mara moja moja hakuna kutoka, lala. Kwa miezi miwili mitatu mtaona mpango unafuatana vizuri, wiki hii mafungu wiki ijayo kayaki, halafu utaanza kuteleza kwa sababu kutoka bamvu mpaka bamvu ni karibu siku 15, sio 14, kwa hiyo jedwali liangalieni kila Ijumaa hata mkijiona mmebobea. Na kabla hamjatoka, mtu mmoja aliyeko nchi kavu aambiwe mnaenda wapi na mtarudi saa ngapi, na awe mtu ambaye kweli ataamka kwenda kuwatafuta.

Na mtu huyo mi naona mnaye tayari. Mrudieni yule mvuvi, mwende wawili, mumuulize siku gani anatoka maji yakiwa mafu na mumwombe awapakie kwa tripu moja mumlipe siku yake. Shemeji akae mbele. Mwambieni awaonyeshe mfereji ule mliovuka, awape na jina lake, manake pale lazima pana jina, na mara nyingi majina ya sehemu kama hizo yanakwambia yenyewe pana nini.